Tafakari imefika, somo limebaki kabatini

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka ifikapo Julai 22, kabla adhana ya alfajiri haijaisha, simu za Wakatoliki wengi wa Dar es Salaam huwa zimeshaanza kulia. Ujumbe huja na picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu, machozi mashavuni, chupa ya marhamu mkononi. Juu ya picha kuna salamu: Tumsifu Yesu Kristo. Chini yake kuna habari kwamba leo Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Maria Magdalena, mwanamke aliyekuwa kahaba, akakutana na Yesu, akaacha dhambi. Zinafuata aya tatu za kuwaasa wasichana wa mjini, sala fupi, na ombi la kumtumia mwingine.

Sasa chukua Biblia. Fungua Injili ya Yohana sura ya 20, aya ya 1 na 2, kisha 11 hadi 18, maana hizo ndizo zinazosomwa kwenye Misa ya siku hiyo. Utamkuta mwanamke anayekwenda kaburini kungali giza, anakuta jiwe limeondolewa, anakimbia kuwapasha habari Petro na mwenzake. Baadaye anasimama nje ya kaburi akilia, anamdhania Yesu ni mtunza bustani, mpaka anapoitwa kwa jina lake. Kisha anatumwa kwa wanafunzi kupeleka habari ya ufufuko.

Ukahaba haumo.

Nenda Luka sura ya 8. Hapo Magdalena ametajwa pamoja na Yoana, mke wa Kuza aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya Herode, na Susana, wanawake waliogharimia safari za Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao wenyewe. Imeandikwa kwamba alitokwa na pepo saba. Ukahaba hapa nao haumo.

Habari hiyo ya ukahaba ilitoka Roma. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu alihubiri akiwaunganisha wanawake watatu wakawa mmoja: Maria Magdalena, Maria wa Bethania nduguye Lazaro, na yule mwenye dhambi asiyetajwa jina katika Luka sura ya 7. Wachoraji wa Ulaya wakalipokea hilo kwa mikono miwili. Kalenda mpya ya Kanisa ya mwaka 1969 ililiacha, na Juni 3, 2016 ikatoka amri ya kuipandisha siku ya Magdalena kutoka kumbukumbu kuwa sikukuu, daraja lile lile la mitume. Aliyetia saini amri hiyo ni Kardinali Robert Sarah, mwana wa Guinea, Afrika Magharibi.

Roma ilikwisha kulirekebisha, lakini grupu za WhatsApp bado zinamhubiria Magdalena dhambi ambayo Injili haikumwandikia.

Mhariri alinituma kuuliza nani amewapa ruhusa hawa wanaosambaza tafakari. Swali si baya, na nitalifikia. Ila kwa kadiri nilivyozisoma tafakari zenyewe, naona limetangulizwa mbele ya lililo zito zaidi: huyu anayepokea tafakari kila siku, somo lenyewe amelisoma?

Kutoka Ndanda hadi kwenye bando

Kutafakari masomo ya siku hakukuja na simu. Waumini walikuwa na Misale ya Waumini yenye pembe zilizochakaa, kalenda ya liturujia iliyotundikwa sakristia, vitabu vya watakatifu kutoka mitambo ya Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, baadaye Radio Maria. Tafakari ilikuwa jambo la kufuatwa. Ulikwenda Misa ya saa kumi na mbili, au uliketi karibu na redio.

Siku hizi inakufuata yenyewe. Padre aliye masomoni Roma anarekodi sauti ya dakika saba usiku, na asubuhi mama wa Mbagala anaisikiliza ndani ya daladala akielekea Kariakoo. Katekista wa kigango anaandika aya nne kwa kidole gumba akisubiri chai. Mtawa anatuma, mwanakwaya anatuma, mfanyabiashara mstaafu naye anatuma. Kwa mgonjwa asiyetoka kitandani, kwa mlinzi wa zamu ya usiku, kwa msichana wa kazi aliyeko Muscat ambaye kanisa liko mbali na ruhusa ya kutoka ni ya kubahatisha, hii ni neema, na anayeidharau hajawahi kukaa Dominika nne mfululizo bila Misa.

Zipo pia zinazoishia na namba ya kutumia pesa. Zipo za vitisho: tuma ujumbe wa Mtakatifu fulani kwa watu kumi na wawili kabla ya jua kuzama, ukipuuza utaona. Hizo si tafakari. Ni upatu uliovikwa rozari, na sina haja ya kuzipotezea aya nyingine.

> Tafakari ilikuwa jambo la kufuatwa. Siku hizi inakufuata yenyewe.

Kalenda haidanganyiki

Ili kujua kama ujumbe uliopokea umeandaliwa au umeokotwa, inafaa kujua masomo ya Misa yanavyopangwa. Waumini wengi hawajawahi kuelezwa.

Hadi miaka ya 1960 Misa ya Kilatini ilikuwa na mzunguko wa mwaka mmoja tu, na Agano la Kale lilisikika kwa nadra siku za Dominika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 4, 1963, uliagiza hazina ya Biblia ifunguliwe zaidi kwa waamini. Mpangilio mpya ulitoka mwaka 1969. Dominika zikapewa miaka mitatu: Mwaka A wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka, na Yohana akipewa nafasi kubwa wakati wa Kwaresima na Pasaka. Ukitaka kujua uko mwaka gani, gawanya mwaka kwa tatu. Usipobakiza kitu, ni C, kama 2025. Ukibakiza moja ni A, kama 2026. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa huanza Majilio, sio Januari.

Siku za kawaida za juma zina utaratibu wao, na hapa ndipo wanaookota hunaswa. Katika Kipindi cha Kawaida, Injili ya siku hairudi nyuma wala haibadiliki: Marko kwa majuma tisa ya mwanzo, Mathayo hadi juma la 21, Luka mpaka mwisho. Ni ile ile kila mwaka. Lakini somo la kwanza lina miaka miwili, Mwaka wa Kwanza kwa miaka isiyogawanyika kwa mbili na Mwaka wa Pili kwa inayogawanyika.

Chukua juma la 16. Mwaka wa Kwanza linasomwa kutoka kitabu cha Kutoka: bahari inagawanyika, mana inaanguka, Amri Kumi zinatolewa. Mwaka wa Pili ni manabii Mika na Yeremia. Ukipokea katika mwaka wa Mika tafakari inayokueleza habari za Farao na magari yake ya vita, ujue mtu amefungua ya mwaka jana, akabadilisha tarehe, akatuma. Injili ilimpitisha, somo la kwanza likamuumbua. Msomaji asiyefungua Biblia hawezi kuliona hilo hata siku moja.

Na kalenda yenyewe inatembea. Julai 29 ilikuwa ya Mtakatifu Martha peke yake. Tangu mwaka 2021, kwa uamuzi wa Papa Fransisko, ni kumbukumbu ya Martha, Maria na Lazaro, ndugu wote watatu wa nyumba ile ya Bethania. Ujumbe unaomtaja Martha tu una umri wake.

Nani aseme?

Mapadre walio na wasiwasi wana hoja nzito kuliko wanavyosingiziwa. Kitabu cha sala kinachouzwa mlangoni mwa kanisa kina ukurasa wenye ithibati ya askofu; mtu amekisoma kabla hakijapigwa chapa. Tafakari ya simu haina mlango huo. Mwandishi akikosea kuhusu toharani au kuhusu wafu, kosa linafika Bukoba, Songea na Toronto kabla paroko hajamaliza kifungua kinywa. Masahihisho hayasambai. Paroko anabaki kujibu maswali yaliyopandwa na mtu asiyemjua.

Sheria ya Kanisa nayo iko wazi, ila haisemi kila kinachodaiwa kwa jina lake. Kanuni ya 767 inatenga mahubiri ya Misa, yale yanayofuata Injili, kwa askofu, padre na shemasi. Kanuni ya 766, iliyo juu yake tu, inaruhusu walei kuhubiri kanisani mahali ambapo hitaji lipo na maaskofu wameweka utaratibu. Aya nne za WhatsApp si mahubiri ya Misa. Kumzuia mlei asiandike anachokiona katika Neno la Mungu kwa kushika kanuni ya 767 ni kuivuta kanuni kuliko urefu wake.

Walei wanajibu kwa kuonyesha vigango. Katika parokia za vijijini padre mmoja ana vigango vingi kuliko siku za juma, na Dominika nyingi anayesimama mbele kuongoza Ibada ya Neno ni katekista, mwenye familia na shamba, ambaye posho yake ni jambo la aibu kuandika gazetini. Huyu anaaminiwa kuwafafanulia watu mia mbili Injili chini ya bati. Kwa nini asiaminiwe kuandika?

Hoja hiyo ina historia nyuma yake, na ni ya hapa hapa Maziwa Makuu. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walifika Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa 1882 waliondoka, wakavuka kuja kusini mwa ziwa, upande ambao leo ni wetu wa Mwanza, na hawakurudi mpaka katikati ya 1885. Kwa karibu miaka mitatu Buganda haikuwa na padre hata mmoja. Waliofundisha sala na kuongeza idadi ya wakatekumeni ni walei, wengine wakiwa hawajabatizwa wenyewe. Joseph Mukasa Balikuddembe aliongoza Wakristo wa ikulu. Alipouawa Novemba 15, 1885, Charles Lwanga akashika nafasi yake, na ndiye aliyewabatiza vijana kadhaa, Kizito akiwamo, saa zilipozidi kuwa mbaya. Kanisa linaloadhimisha Juni 3, siku ya mashahidi wa Uganda, kwa shangwe haliwezi kumwambia mlei kwamba Neno halimhusu.

Kwa hiyo nikiulizwa, mimi niko upande wa walei kuandika. Lakini Mukasa na Lwanga waliwafundisha watu wakiwa nao uso kwa uso, wakijibu maswali yao. Anayetuma na kuzima simu anafanya kazi nyingine.

Hatua zilizomezwa

Katika jumuiya ndogo ndogo ulizoeleka utaratibu wa hatua saba ulioenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Wanajumuiya wanamkaribisha Bwana kwa sala. Injili inasomwa. Kila mmoja anarudia neno au kifungu kilichomgusa, bila kukifafanua. Wanakaa kimya. Wanashirikishana. Wanazungumzia kazi iliyo mbele yao, mgonjwa wa kutembelewa au mfiwa wa kuchangiwa. Wanafunga kwa sala.

Ketini katika jumuiya ya mjini Jumamosi asubuhi mtazame kinachotokea. Viti vya plastiki vimepangwa uani, daftari la mahudhurio linazunguka, mwenyekiti anauliza nani ana Biblia. Biblia iko moja, na mwenye nayo amesahau miwani. Kijana anasoma Injili kwenye simu, haraka, chaji imebaki asilimia nane. Kisha, badala ya watu kurudia maneno, mtu anasema kuna tafakari nzuri imetumwa na padre fulani. Sauti inachezwa. Dakika tisa. Watu wanatikisa vichwa. Inakwisha, wanashukuru, wanaingia kwenye michango.

Hatua ya tatu, ya nne na ya tano zimemezwa na kipaza sauti. Yule bibi wa kona, aliyezika watoto na ambaye angeweza kusema kitu kuhusu Maria aliyesimama nje ya kaburi akilia, hakuulizwa. Sauti ya padre ilikuwa nzuri, mafundisho yake sahihi, wala hapakuwa na kosa la kukemea. Ndiyo maana tatizo hili halionekani: hata tafakari bora kabisa inaweza kukalia kiti cha Injili.

> Hata tafakari bora kabisa inaweza kukalia kiti cha Injili.

Septemba 30, 2019, siku ya Mtakatifu Yeronimo aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, Papa Fransisko aliitangaza Dominika ya tatu ya Kipindi cha Kawaida kuwa Dominika ya Neno la Mungu. Parokia nyingi zinaipokea kwa maandamano, Biblia imebebwa juu, vigelegele na kanga. Jumatatu yake imerudi kabatini.

Watakatifu waliopigwa pasi

Linalosikitisha zaidi ni sehemu ya pili ya ujumbe, ile ya maisha ya mtakatifu wa siku. Huko mikunjo yote imenyooshwa. Alizaliwa katika familia ya wacha Mungu, alipenda sala tangu utotoni, aliteseka kwa uvumilivu, alikufa akitabasamu. Badilisha jina, tuma tena kesho.

Tazama wanachofanyiwa hao mashahidi 22 wa Uganda. Ujumbe wa Juni 3 unasema walichomwa kwa kuikiri imani. Kweli kwa wengi wao. Hausemi kwamba Mukasa aliuawa baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa kuamuru kuuawa kwa James Hannington, askofu wa Kianglikana. Hausemi kwamba Lwanga aliwakinga wavulana wa ikulu na matakwa ya kimwili ya mfalme, na kwamba Kizito alikuwa na miaka kama 14. Hapo kuna somo zima kuhusu ulinzi wa watoto dhidi ya mkubwa asiyeambiwa hapana, somo ambalo jumuiya za leo zinalihitaji kuliko picha ya moto. Wala hausemi kwamba Waanglikana waliteketea katika moto ule ule wa Namugongo. Papa Paulo VI, alipowatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964, hakuwasahau.

Josephine Bakhita, Februari 8, hupewa sifa moja: alisamehe. Mtoto wa Darfur aliyetekwa, akauzwa na kuuzwa tena, akachanjwa mwilini, akafikishwa Italia. Alisamehe, ndiyo. Lakini kabla ya hapo alikataa. Bibi aliyemtumikisha alipotaka kumrudisha Sudan, Bakhita alibaki kwa masista wa Venice, hakutoka, na Novemba 29, 1889 mahakama ikaamua kwamba kisheria hakuwa mtumwa wa mtu. Tangu 2015 siku yake ni ya sala dhidi ya biashara ya binadamu. Binti aliyenyang'anywa pasipoti na mwajiri huko Ghuba anahitaji kusikia habari za Bakhita wa mahakamani kabla hajaambiwa habari za kusamehe.

Wanaotetea hadithi tamu wanasema waamini wa kawaida wanataka kutiwa moyo, hawataki historia. Ndani ya Kanisa lenyewe hilo halikukubaliwa na wote. Mwaka 1643 huko Antwerp, Mjesuiti Jean Bolland na wenzake walichapa majuzuu ya kwanza ya Acta Sanctorum, wakichambua nyaraka za watakatifu tarehe kwa tarehe, kutenga ushahidi na ngano. Kazi hiyo imerithishwa kizazi hadi kizazi, na Wabollandisti wapo mpaka leo. Ni kwa jicho la namna hiyo kalenda ya 1969 iliwaondoa Barbara na Katarina wa Aleksandria, na kumwachia Kristofa kalenda za mahali, kwa kuwa habari zao za kihistoria zilikuwa finyu. Katarina alirudishwa baadaye kama kumbukumbu ya hiari. Kristofa hakuvuliwa utakatifu, madereva wasihofu.

Utenzi na Mtumishi wa Mungu

Tunaye mlei mmoja aliyeonyesha namna ya kukaa na maandiko. Mwaka 1996 mitambo ya Ndanda na Peramiho ilitoa Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika ushairi wa utenzi, kazi ya Julius Kambarage Nyerere. Huwezi kuigeuza Injili nzima kuwa beti bila kusimama kwenye kila aya, hata zile zinazokukera, hata orodha ndefu ya majina katika sura ya kwanza ya Mathayo. Alilishika somo.

Tangu mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilipofungua mchakato, Nyerere anaitwa Mtumishi wa Mungu, ngazi ya kwanza katika safari ndefu ya kutangazwa mtakatifu. Safari hiyo inaweza kufika, inaweza isifike. Zipo zilizochukua karne. Lakini ikifika atakuwa mtakatifu wa aina ambayo grupu zetu hazijaizoea: mtu mwenye hotuba zilizorekodiwa, wapinzani waliowekwa kizuizini, vita ya Kagera, Azimio la Arusha, na Misa ya kila siku.

Atakayeandika ujumbe wa siku yake atashawishika kuanza na utoto wa Butiama na kurukia rozari. Akipita kimya kimya kwenye Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, wapo wazee wa Dodoma na Kigoma waliobebeshwa mizigo wakaacha nyumba zao, na wengine wao wana simu. Watamjibu hapo hapo kwenye grupu.